Wakimbizi na Habari Zao



Jumapili moja, Misa ya pili ilipokwisha, mama mmoja wa parokia yetu aliningoja kwenye mlango wa sakristia. Mkononi alishika simu ya jirani, maana ya kwake alikuwa ameiuza. Mtoto wake wa kiume alikuwa amevuka mpaka wakati wa vita, akafika katika kambi ya wakimbizi, akaomba kimbilio, na sasa alikuwa anangoja jibu. Kijana huyo alimtumia mama yake anwani ya mahali fulani katika intaneti, ambapo wakimbizi wanaandika majina yao, wanaulizana habari, na kutafuta ndugu waliopotezana nao njiani. Mama akaniuliza: «Mwalimu, jambo hili ni la kweli, ao ni mtego wa wezi? Na nikiandika humo jina la mtoto wangu, nani ataliona?»

Siku ile sikuweza kumjibu. Nilimwomba angoje mpaka Jumapili ya nyuma yake, akaondoka bila furaha, naye alikuwa na haki. Katika seminari tulifundishwa historia ya Kanisa kwa majina ya Mapapa na ya Mitaguso. Hatukufundishwa historia ya kadi, ya vibao, ya radio na ya simu, ambavyo kwavyo watu waliofukuzwa kwao wametafutana na kupashana habari. Lakini historia hiyo ipo, na Kanisa limo ndani yake kuliko wengi wanavyofikiri. Nimeitafuta kwa ajili ya mama yule, na leo ninawaletea ninyi pia.

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 35, Mungu alimwagiza Musa kutenga miji sita ya kukimbilia. Mtu aliyemwua mwenzake bila kukusudia aliweza kukimbilia humo, na ndugu wa marehemu hawakuruhusiwa kumgusa mpaka ahukumiwe. Yoshua akaitaja miji yenyewe: Kedeshi, Shekemu na Hebroni upande wa magharibi ya Yordani, Bezeri, Ramothi na Golani upande wa mashariki. Wengi wetu tunajua mambo hayo. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, haliagizi miji tu, linaagiza pia kutengeneza njia ya kufika huko. Na walimu wa Wayahudi, ambao mafundisho yao yaliandikwa katika Talmudi, walisimulia kwamba kwenye kila njia panda palisimamishwa alama yenye neno «Kimbilio», ili mtu anayekimbia asisimame kuuliza.

Wale walimu wa zamani walielewa kwamba mtu asiyejua njia ya kwenda kwenye kimbilio hana kimbilio. Mji unaweza kuwa na malango wazi na wazee wenye huruma, lakini mkimbizi anakufa njiani kwa sababu alishika njia ya kushoto badala ya njia ya kuume. Ila angalieni jambo lingine pia. Mlipiza kisasi aliyekuwa anamfuata mkimbizi, naye alijua kusoma. Alama ile ile ilimwonyesha mahali pa kumvizia. Shida hiyo ya njia panda ndiyo shida ya mama yule wa simu, na katika miaka yote iliyofuata haikuondoka.

Juu ya kimbilio la kanisani sitasema mengi. Mtaguso wa Orléans wa mwaka 511, katika nchi ya Ufaransa, ulithibitisha kwamba mtu aliyekimbilia kanisani asitolewe kwa nguvu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 1179, ilikuwa bado inasema hivyo. Ile ya mwaka 1983 haikurudia kanuni hiyo. Lakini watu wetu hawakungoja sheria: kila vita inapokuja Kivu, watu wanalala misioni.

Kazi ya kutafutana, kwa namna tunayoijua leo, ilianza katika vita kuu ya kwanza. Mwezi wa Agosti 1914 Msalaba Mwekundu wa kimataifa, ule tunaouita CICR, ulifungua ofisi Geneva kwa ajili ya askari waliofungwa. Kila jina lilipata kadi yake. Vita ilipokwisha, kadi zilikuwa karibu milioni 7, zimepangwa kwa alfabeti katika masanduku, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na wanawake waliojitolea. Mwanzoni ofisi ile ilikuwa ya askari tu, kwa sababu mikataba ya wakati ule haikutaja raia. Daktari mmoja, Frédéric Ferrière, hakukubali. Aliona barua za akina mama waliopotezana na watoto wao, akaona ni aibu kuzitupa eti kwa sababu mtoto si askari. Wenzake waliogopa kwamba kazi itawashinda. Yeye akaanza tu, akafungua sehemu ya raia, na sehemu hiyo ikakua.

Nani walikuwa wakimbizi hao wa mwaka 1914? Wengi walikuwa Wabelgiji. Ndiyo, Wabelgiji wale wale waliokuwa mabwana hapa Kongo. Majeshi ya Wajerumani yalipoingia kwao, karibu watu milioni moja walivuka kwenda Uholanzi kwa miguu na kwa mikokoteni, wakiwa na magodoro kichwani. Wazee wetu waliotozwa kodi na Wabelgiji hao hawakuambiwa habari hiyo. Papa Benedikto XV naye alifungua Vatikani ofisi ya kutafuta wafungwa na waliopotea, na mmoja wa wakubwa wa kazi hiyo alikuwa Monsinyori Eugenio Pacelli.

Kwa hiyo Pacelli, alipokuwa Papa Pio XII na vita ya pili ikaanza mwezi wa Septemba 1939, alijua la kufanya. Barua zilikuwa zinafika Vatikani kwanza kutoka Poland, halafu kutoka kila upande: yuko wapi mume wangu, yuko wapi mtoto wangu? Papa akaanzisha Ofisi ya Habari ya Vatikani, akampa kazi Askofu Alexander Evreinoff, Mrusi kwa asili, chini ya Monsinyori Giovanni Battista Montini, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Papa Paulo VI. Mjini Istanbul kazi hiyo hiyo ilifanywa na Askofu Mkuu Angelo Roncalli, yaani Papa Yohane XXIII wa baadaye. Mapapa wawili wa wakati wetu na wa baba zetu walipitia kwanza kazi ya kutafuta majina ya watu waliopotea.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Fomu ilijazwa: jina la anayetafutwa, jina la baba, mahali alipozaliwa, mahali alipoonekana mwisho. Fomu ilipelekwa kwa balozi wa Papa wa nchi ile, naye alikwenda ao alimtuma mtu kambini. Na kwa kuwa posta ilikuwa imekatika, Radio Vatikani ilianza kusoma majina hewani mwaka 1940. Msomaji alisoma polepole, jina baada ya jina, na maneno machache ya salamu. Mpaka mwaka 1946 radio hiyo ilikuwa imesoma ujumbe zaidi ya 1,200,000. Ofisi ilifungwa mwaka 1947. Mwaka 2004 Vatikani ilitoa vitabu juu ya kadi zile, ambazo zinahusu watu zaidi ya milioni 2. Najua kwamba wanahistoria wanabishana sana juu ya Papa Pio XII na vita ile, na tangu hifadhi ya maandiko yake ilipofunguliwa mwezi wa Machi 2020 ubishi umeongezeka. Sitaingia humo. Ninasema tu kwamba kazi hii ilifanyika, na kwamba nayo ilikuwa na ukuta wake: Serikali za Ujerumani na za Urusi hazikutaka kuifungulia milango ya kambi zao. Waliokuwa humo, hata jina lao halikusomwa.

Wakati ule ule Msalaba Mwekundu ulikuwa na karatasi yake kwa raia. Mtu aliruhusiwa kuandika maneno 25, basi. Na maneno hayo yalikuwa ya habari za nyumbani tu, maana wakubwa wa vita wa pande zote waliyasoma kabla hayajafika. Jaribu wewe mwenyewe, msomaji, leo jioni: mwandikie mke wako aliye mbali kwa maneno 25, ukijua kwamba adui atayasoma kwanza. Utasema nini? Utaficha nini?

Wengine wa wakimbizi wa vita ile walikuja mpaka huku kwetu Afrika. Mwaka 1940 na 1941 Warusi walikuwa wamewahamisha Wapolandi wengi kwa nguvu mpaka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiliwa, walipita Iran, na tangu mwaka 1942 watu karibu 18,000, wengi wao wanawake na watoto, na karibu wote Wakatoliki, waliletwa katika makoloni ya Waingereza ya Afrika. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, yenye watu karibu 5,000. Nyingine zilikuwa Masindi na Koja katika Uganda, na moja ilikuwa mahali panapoitwa Bwana Mkubwa, karibu na Ndola, si mbali na mpaka wa Katanga yetu. Wanaume wao walikuwa katika jeshi la Jenerali Anders, lile lililopigana Monte Cassino katika Italia mwezi wa Mei 1944. Kwa hiyo mama wa Kipolandi alikaa katika nyumba ya majani chini ya mlima Meru, akingoja kujua kama mume wake ni mzima. Karibu na Masindi, pale Nyabyeya, kanisa walilolijenga limesimama mpaka leo, na huko Tengeru yako makaburi yao. Nikisikia mtu anasema kwamba wakimbizi ni jambo la Waafrika, namtajia Tengeru.

Baada ya vita mataifa yalitunga sheria. Tarehe 28 Julai 1951 mkataba wa wakimbizi ulitiwa sahihi Geneva, na mwaka 1967 ukaongezwa ili uwafae watu wa nchi zote. Nchi za Afrika zilifanya mkataba wao Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, nao ulipanua maana ya neno mkimbizi ili lishike pia watu wanaokimbia vita na fujo. Tangu hapo kuna maneno mawili ambayo wengi wetu tunayachanganya. Mkimbizi ni yule ambaye nchi imekwisha kumkubali. Mwomba kimbilio ni yule aliyebisha hodi na bado hajajibiwa. Huyu wa pili ndiye mwenye kiu kuu ya habari. Aende ofisi gani? Aonyeshe karatasi gani? Aseme nini mbele ya mtu atakayemwuliza, ambaye hajui kijiji chake wala lugha yake? Neno moja baya, ao tarehe mbili zisizopatana, na jibu linaweza kuwa «rudi kwenu». Hapo wanaomsaidia zaidi ni wenzake waliotangulia. Tangu zamani habari hizo zilipita kwa mdomo: mbele ya mlango wa ofisi, kwenye bomba la maji, baada ya Misa. Na pamoja na habari za kweli zilipita za uongo.

Sasa nafika kwenye mwaka 1994, na hapa sitapita haraka.

Katika Rwanda, tangu miaka ya 1930, Wabelgiji walikuwa wameandika kabila katika kitambulisho cha kila mtu. Kartasi iliyotengenezwa ili Serikali imjue mtu, katika mwaka 1994 ilikuwa hukumu ya kifo kwenye kizuizi cha barabarani. Na radio moja ya Kigali, RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ilisoma hewani majina ya watu, mahali walipokaa, hata namba za magari yao, ili wauaji wawapate. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha iliwahukumu watu kwa sababu ya kazi hiyo.

Linganisheni sasa. Mwaka 1940 radio ya Vatikani inasoma jina polepole ili mama asikie kwamba mtoto wake ni mzima. Mwaka 1994 radio ya Kigali inasoma jina ili mtu auawe kabla ya jioni. Chombo ni kile kile, hata sauti ya msomaji labda ilifanana.

Mwisho wa Aprili 1994, katika siku moja tu, watu karibu 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara katika Tanzania. Katikati ya Julai, karibu milioni moja waliingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu kikawakuta juu ya mawe ya volkano ambayo hata kaburi halichimbiki. Katika mbio hizo familia zilitawanyika. Watoto waliopotezana na wazazi wao, ndani ya Rwanda na katika nchi za jirani, walihesabiwa zaidi ya 100,000. Wengine walikuwa wadogo mno kusema jina lao. Walipoulizwa jina la baba walijibu «Baba». CICR na UNICEF wakapiga picha, wakazitundika katika mbao, na akina mama wakapita mbele ya nyuso hizo siku baada ya siku.

Na kwa kuwa radio ilikuwa imeua, watu wengine waliamua kwamba radio lazima itibu. BBC ya London ilianza mwaka ule wa 1994 matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi, yakaitwa Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha familia, na humo majina ya waliotafutwa yalisomwa. Hapa kwetu Bukavu, mwezi wa Agosti 1994, ilianza Radio Agatashya. Agatashya ni mbayuwayu. Ilikuwa radio ya kuwapa wakimbizi habari bila kuchochea: wapi maji, wapi chakula, nani anamtafuta nani, na mambo gani yanatokea Rwanda kweli. Huko Ngara, mwaka 1995, Shirika la Wayezwiti la kuwahudumia wakimbizi, lile alilolianzisha Padri Pedro Arrupe mwaka 1980, lilifungua Radio Kwizera, yaani radio ya matumaini, ikasema kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda.

Wazee wa Bukavu wanakumbuka jinsi mbayuwayu alivyonyamaza. Mwezi wa Oktoba 1996 vita ilishuka mpaka mjini, na Radio Agatashya ikafungwa. Askofu Mkuu wetu, Christophe Munzihirwa, alikuwa ameandika barua nyingi kwa watawala na kwa mataifa, akisema kwamba katika kambi zile wamo watu wengi wasio na kosa, na kwamba wasiachwe. Wakubwa wengi wa mji walikuwa wamekwisha kukimbia, naye alibaki. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa pale Nyawera. Wakimbizi wakaingia msituni kwa mamia ya maelfu, kwenda Tingi-Tingi na mbele zaidi. Katika msitu ule hapakuwa tena na radio ya kuwasomea majina, wala kibao cha picha. Wengi waliokufa humo hawana hata kadi moja yenye jina lao.

Basi intaneti ilipofika, haikuleta haja mpya, ilipokea haja hii ya zamani. Mwaka 2008 ndugu wawili wa Denmark, David na Christopher Mikkelsen, walianzisha kazi iliyoitwa Refunite. Waliona kwamba mashirika ya wakimbizi yana orodha nyingi, lakini orodha hizo hazisemezani, na mkimbizi mwenyewe hawezi kuzifungua. Wakataka mkimbizi atafute mwenyewe. Mwaka 2010 kazi hiyo ilianza Uganda pamoja na HCR, na kampuni ya Ericsson, na ya MTN, ili mtu aweze kujiandikisha hata kwa simu ndogo isiyo na picha, kwa ujumbe mfupi tu. Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha zake.

Jambo walilolifanya ambalo ninalisifu kuliko mengine ni hili: mtu hakulazimishwa kuandika jina lake la kweli. Aliweza kuandika jina la utani ambalo nyumbani tu wanalijua, ao alama ya mwilini, ao jambo la utotoni. Mtu wa nje akisoma «yule aliyeanguka mwembeni» haelewi kitu. Dada yake akisoma, analia. Nafikiri kama wale waliosimamisha alama kwenye njia panda za Israeli wangepata namna ya kuandika «Kimbilio» kwa wino ambao mlipiza kisasi hauoni, wangefanya hivyo hivyo.

Lakini jinsi ya kuwajulisha wakimbizi kwamba mahali pale papo? Hapo ndipo kazi nyingi za namna hii zilipokwama, na wenye akili za Ulaya walikawia kufahamu. Mtu aliyekimbia haamini anwani iliyoandikwa juu ya karatasi ukutani. Amekwisha kudanganywa mara nyingi. Amelipa mtu wa mtumbwi asiyerudi, amelipa karani wa uongo. Katika jangwa la Sinai, kati ya mwaka 2009 na 2013, majambazi waliwateka wakimbizi wa Eritrea, wakawatesa huku simu ikiwa wazi, ili jamaa zao wasikie na kutuma pesa. Mtu wa taifa lile akiombwa namba ya simu ya mama yake, ataitoa upesi? Ndiyo maana CICR na Msalaba Mwekundu wa kila nchi wanatumia watu waliojitolea kutoka kambini humo humo, wanaojulikana, wanaopita nyumba kwa nyumba. Intaneti ni ya mbali, lakini anayeileta lazima awe wa karibu.

Mwaka 2015 jambo hili lilionekana mbele ya dunia yote. Watu zaidi ya milioni moja walivuka bahari kwenda Ulaya, na zaidi ya 3,700 walikufa ao walipotea majini. Wengi wao walikuwa Wasiria, Waafghani na Wairaki, lakini na Wakongo walikuwamo. Kila mmoja alikuwa na simu, na watu wa Ulaya wengine walishangaa, hata walikasirika: maskini gani huyu mwenye simu? Hawakuelewa kwamba simu ile ilikuwa ramani yake, na mkalimani wake, na sauti ya mke wake. Mashirika ya IRC na Mercy Corps, kwa msaada wa Google, yalifanya tovuti iliyoitwa Refugee.info, kwanza kwa ajili ya kisiwa cha Lesbos cha Ugiriki: mahali pa kujiandikisha, pa kulala, pa kupata daktari, namna ya kuomba kimbilio. Mipaka ilikuwa inafungwa siku hadi siku, na habari ya asubuhi iliweza kuwa uongo jioni. Mwezi wa Machi 2016, njia ya nchi za Balkani ilipofungwa kabisa, maswali yakageuka. Watu hawakuuliza tena juu ya meli, waliuliza juu ya sheria.

Maana kutojua sheria kuligharimu sana. Tangu mwaka 2003 nchi za Ulaya zilikusanya alama za vidole vya waomba kimbilio katika mashine moja, Eurodac. Mtu aliyeweka kidole chake Italia ao Ugiriki, halafu akaenda Ujerumani kwa ndugu yake, aliweza kurudishwa kule alikoweka kidole kwanza. Wauza njia hawakumwambia hayo. Walimwambia: vuka tu, huko kuna kila kitu.

Na sasa narudi kwa mama yangu wa sakristia. Mwanzo wa mwaka 2025, vita ilipofika Goma na Bukavu, makumi ya maelfu ya watu wa Kivu ya Kusini walivuka Ruzizi kwenda Burundi, wengine kwa kuogelea, na wengi walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Tangu hapo maswali kama lake yamekuwa mengi katika parokia zetu.

Jumapili iliyofuata alikuja tena, mapema, kabla ya Misa. Nilimwambia mambo niliyoyapata. Kwanza, asilipe pesa: kazi ya kweli ya kutafutana haiuzwi, na anayeomba franka ya «kufungua jina» ni mwizi. Pili, aende ofisi ya Msalaba Mwekundu akaulize kama anwani ile wanaijua. Tatu, juu ya jina, nilimwonyesha namna wanavyofanya CICR na Msalaba Mwekundu wa Ulaya tangu mwaka 2013, katika kazi inayoitwa Trace the Face. Wanaweka picha ya yule anayetafuta. Jina lake halimo, wala mahali anapokaa. Chini ya uso wake yamo maneno machache tu: ninamtafuta ndugu yangu, ninamtafuta binti yangu. Picha hizo zimo katika intaneti, na nyingine zinachapwa katika karatasi kubwa na kutundikwa ukutani, mahali ambapo wakimbizi wanapita.

Alitazama nyuso zile kwa muda mrefu, akizisogeza moja moja kwa kidole. Kengele ya pili ililia. Akaniuliza kama ni lazima kuandika jina la kijiji. Nilimwambia si lazima, aandike lile jina ambalo bibi alimwita mtoto alipokuwa mdogo. Akacheka kidogo, akasema jina lenyewe ni la aibu, halafu akaomba nimwandikie.